Kifaa Kinachojieleza: Hotuba kwa Wanamazingaombwe kuhusu Pete za Chuma

Mabibi na mabwana, wakongwe wetu wa jukwaa, nanyi vijana ambao karata hazibanduki mikononi, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya vifaa vya mazingaombwe ya kuonekana, yale ambayo ajabu yake inatokea waziwazi mbele ya macho ya watu. Ningeweza kuwapitisha kwenye begi zima: vitambaa vinavyobadilika rangi, vikombe, sarafu, mishumaa inayotoweka. Nimeamua kubaki na kifaa kimoja, pete za chuma zinazoungana. Ni kati ya vifaa vichache sana vinavyofanya kazi mbele ya watu wanne mezani na mbele ya watu elfu moja ukumbini, na aliyezielewa vizuri si rahisi kudanganyika anapokwenda kununua kifaa kingine.

Hoja yangu naitoa mapema. Kifaa kizuri cha kuonekana ni kile ambacho mtazamaji anakielewa kabla hujafungua mdomo. Ukiinua pete mbili za chuma, kila mtu ukumbini anajua mambo mawili bila kuambiwa: kwamba ziko mbili mbalimbali, na kwamba chuma hakipenyi chuma. Hahitaji kujua majina ya karata. Hahitaji kukumbuka namba aliyoichagua dakika tano zilizopita. Wala hahitaji kuijua lugha yako. Zikishikana, zimeshikana, na mtoto wa miaka mitano anashika mdomo sawasawa na mwalimu wa fizikia aliyeketi nyuma yake. Pengine mwalimu zaidi, maana yeye anajua vizuri kwa nini jambo hilo haliwezekani.

Pete hizi si za jana. Ulaya zilifahamika kwa muda mrefu kama pete za Kichina, na katika miaka ya 1840 Mfaransa aliyetumia jina la jukwaani Philippe alizionyesha Paris. Katika karne ya 20 Dai Vernon, mzaliwa wa Ottawa mwaka 1894, alizipa utulivu ambao hazikuwa nao. Alitumia pete tano tu, wakati ambapo wengi walikuwa wamezoea kubeba nane au zaidi, na kila muungano aliupa nafasi yake. Baada yake alikuja Mholanzi Richard Ross. Huyu alitwaa tuzo kuu ya mashindano ya dunia ya FISM mara mbili mfululizo, mwaka 1970 na mwaka 1973, na pete zilikuwa alama yake. Heshima ya kifaa hiki katika fani yetu ni kubwa kiasi kwamba chama cha International Brotherhood of Magicians, kilichoanzishwa mwaka 1922, kililipa jarida lake jina la The Linking Ring.

Jambo moja kabla sijaendelea. Maneno haya yataandikwa na kusomwa na wasio wa fani yetu, kwa hiyo siri ya pete sitaigusa. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65, aliwahi kuandika juu ya michezo ya watu wa vikombe na vijiwe kwamba raha yake ilikuwa katika kule kudanganywa, na kwamba akionyeshwa namna inavyofanyika hamu yote inamwisha. Namwelewa kabisa. Na kwa kweli, anayejua siri ya pete bado hajui hata nusu ya kazi ya pete. Nusu hiyo nyingine ndiyo nataka tuizungumze.

Tuanze na ukubwa, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Pete za mezani huwa na upana wa sentimita 10 hivi. Za ukumbi mdogo, sentimita 20 au 25. Za jukwaa, sentimita 30. Mtu anadhani akinunua zile za sentimita 30 amemaliza shida ya safu ya mwisho. Hebu tupige hesabu. Pete ya sentimita 10 ikiwa mita 1 kutoka kwenye jicho inaonekana vizuri sana. Ili mtu aliyeketi mita 20 aione kwa ukubwa ule ule, ingebidi iwe na upana wa mita 2. Hiyo yako ya sentimita 30 anaiona kwa ukubwa ambao mtu wa mezani angekiona kitu cha sentimita moja na nusu kilicho mita moja mbele yake. Ni kama kifungo cha koti. Ukubwa peke yake, basi, haufiki nyuma.

Kinachofika nyuma ni umbo. Mtu wa safu ya mwisho haoni chuma. Anaona duara na uwazi ulio ndani yake. Uwazi huo ndio unaomwambia kwamba hapa kuna pete, na ukipotea, pete nayo imepotea. Sasa fikirini mtu aliyevaa shati jeupe akishika pete zinazong'aa mbele ya kifua chake. Kutoka mita 20 hapo hakuna pete, kuna mtu anayechezesha mikono. Mwenye nguo nyeusi au pazia jeusi nyuma yake anazo pete mbili zinazoonekana hata na aliyesahau miwani nyumbani. Kama huwezi kubadilisha nguo wala pazia, nyoosha mikono, peleka pete pembeni ya mwili, ziinue juu ya mabega, ili nyuma ya ule uwazi pawe na giza la jukwaa.

Na vidole, jamani. Wengi wetu tunazishika pete kwa kiganja kizima, kama mtu anayening'inia kwenye basi. Kila kidole kinachozidi kinafunika chuma, na kwa mtu wa mezani kinafunika imani pia. Shika kwa ncha za vidole, mahali padogo iwezekanavyo, hata pale ambapo huna lolote la kuficha, ili siku unapohitaji kushika kwa namna fulani asiwepo mtu wa kuona tofauti.

Taa nayo ina lake. Chuma kilichopakwa kromu hakitawanyi mwanga, kinaurudisha kama kioo. Taa ikitoka mbele moja kwa moja, unapata nukta moja kali ya mng'ao na sehemu iliyobaki ya pete inafifia. Ikitoka juu na pembeni, ukingo wote unawaka. Ukifika ukumbini mapema, simama mahali pako, inua pete, na mwombe mwenzako aende safu ya mwisho akuambie anaona duara kamili au kipande. Ni kazi ya dakika chache, na nashangaa ni wangapi tunaiacha.

Halafu kuna sauti, ambayo kwangu mimi ndiyo hazina ya kifaa hiki. Kitambaa hakina sauti, na karata sauti yake inaishia safu ya pili. Pete inalia. Pete ikigonga pete, mlio ule unamfikia mtu aliye mita 20 kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwake kuona na kusikia kunakuwa tukio moja. Sikio linalithibitishia jicho: ndiyo, ni chuma, na ni kigumu. Kwa hiyo usizifanye pete zilie ovyo. Nimeona maonyesho ambayo tangu mwanzo hadi mwisho ni kelele tupu, kama mtu anayeosha sufuria, na pale muungano unapotokea hakuna mlio wowote wa kuutangaza kwa sababu milio yote ilishatumika. Zigonge mara mbili au tatu mwanzoni, polepole, kila mmoja asikie kwamba zinagomeana. Kisha nyamaza. Sikio litakuwa linangoja.

Kuna miungano ya aina mbili, na kila mmoja una nyumba yake. Upo wa kugonga: pete inashuka kwa kasi, inalia, na kufumba na kufumbua inaning'inia ndani ya mwenzake. Huo ni wa ukumbi, kwa kuwa safu ya mwisho inaufuata mwendo mkubwa. Na upo wa kuyeyuka: pete zinagusana, zinasuguana taratibu, na chuma kinaonekana kulainika. Huo ni wa mezani, pale watu walipo karibu kiasi cha kusikia pumzi yako.

Ngoja niwaonyeshe huu wa pili. (Hapa nilichukua pete mbili za sentimita 10 na kumwita msichana mmoja wa safu ya mbele.) Tazameni. Pete moja namkabidhi yeye. Sisemi "hakikisha kwamba ni ya kawaida". Namkabidhi tu, na mikono yake yenyewe inafanya kazi: anaigeuza, anaipitisha kidole pande zote, anaibonyeza. Hakuna aliyemtuma. Namwachia muda huo wote. Sasa namwomba aishike kwa mikono miwili, wima, kama anashika usukani. Naleta yangu. Naigusisha kwenye chuma chake, juu, na hapo natulia mpaka nione mabega yake yametulia. Nasugua mara moja, ninapita. Nasugua mara ya pili, na naacha kusugua. Nashusha mkono wangu mpaka pete yangu inaning'inia kwenye yake, halafu naachia kabisa. Mmeona alichofanya? Hakunitazama mimi. Alizitikisa. Alitaka kuusikia uzito. Kwa sekunde tatu nne hivi sikusema neno, maana neno lolote ningelosema hapo lingemnyang'anya kitu chake.

Ile "hakikisha kwamba ni ya kawaida" nairudia makusudi, maana ni ugonjwa wa wengi. Mtu hajashuku lolote, wewe mwenyewe unamletea shaka. Anayekwambia mara tatu kwamba pete ni nzima anakufanya uanze kutafuta pale ilipokatika. Mwachie mtazamaji afikie uamuzi huo peke yake, atauamini zaidi ya maneno yako.

Sasa macho. Mwaka 2006 Gustav Kuhn, mtafiti wa saikolojia ambaye pia ni mwanamazingaombwe, pamoja na Michael Land, mtaalamu wa mienendo ya macho, walichapisha utafiti juu ya mpira unaotoweka hewani. Mwonyeshaji anaurusha mpira juu na kuudaka, anarudia, na mara ya tatu anajifanya kuurusha huku umebaki mkononi. Alipoutazama juu kama vile unapaa, takribani theluthi mbili ya watazamaji walisema waliuona mpira ukipanda na kutoweka. Alipoutazama mkono wake badala yake, waliosema hivyo walishuka hadi theluthi moja hivi. Mpira ni ule ule na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali alipotazama mtu anayeonyesha. Zaidi ya hapo, macho ya watazamaji wengi hayakwenda kule juu kabisa. Yalikuwa yanaangalia uso wake.

Kwa mtu wa pete, maana yake ni hii. Uso wako ni sehemu ya kifaa. Ukiangalia muungano kama mtu anayeangalia saa, nao wataangalia hivyo hivyo. Ukiitazama pete iliyo juu kwa udadisi wa kweli, kana kwamba hata wewe hujui kama leo itakubali, ukumbi mzima unakwenda nawe pale. Na ukimaliza, inua uso uwatazame watu. Wengine tunaendelea kukodolea mikono yetu, na watazamaji hawajui kama wakati wa kupiga makofi umefika.

Hapo kioo kinatudanganya. Mazoezi ya mbele ya kioo ni mazuri kwa mikono, lakini mtu anaweza kuzoea kupepesa macho sekunde ile ya siri, na asijue kamwe, kwa sababu wakati huo macho yake yamefumba! Kamera haipepesi. Weka simu mahali atakapokaa mtazamaji wako wa pembeni kabisa, rekodi, kisha angalia mara ya kwanza bila sauti na mara ya pili ukisikiliza tu bila kutazama. Mara hiyo ya pili itakuonyesha kelele zisizo na kazi.

Nije kwenye ununuzi, maana najua wengi mmekuja na orodha. Siku hizi kifaa cha kuonekana kinauzwa kwa video ya sekunde kumi na tano. Kitu kinabadilika rangi, kinatoweka, kinapenya kioo, na mkono unakwenda kwenye malipo wenyewe. Kabla ya kulipa, jiulize video ile imepigwa kutoka pembe ngapi. Kama kamera haikusogea hata kidogo, huenda kuna sababu. Jiulize watu wakiwa nyuma yako na pembeni itakuwaje. Jiulize mtu akinyoosha mkono kukichukua mara tu baada ya ajabu kutokea, utampa? Watu wa mezani hunyoosha mkono, tena hunyoosha haraka. Na kwa wanaotoka meza moja kwenda nyingine, jiulize inachukua muda gani kukirudisha kilipoanzia. Kifaa kinachohitaji dakika mbili chooni kila baada ya onyesho hakikufai, hata kiwe kizuri vipi. Pete zinapita mtihani huo kirahisi: ukizitenganisha tu, uko tayari kuanza upya.

Mtajibu kwamba pete zimezoeleka, kila mtu ameziona. Nalisikia hilo kila mara, na silikubali. Watu wameona pete zikichezwa vibaya, jambo ambalo ni tofauti. Mtu aliyepewa pete akaishika mwenyewe, ikamshikania mikononi, hasemi amezoea.

Kuhusu idadi, ushauri wangu ni mfupi: anza na tatu au nne. Pete nane zinajaza macho, na mtazamaji anapoteza hesabu ya zipi zilikuwa zimeungana. Akipoteza hesabu, ile sifa ya kifaa kujieleza imekufa. Zitunze pia. Jasho linaacha alama za vidole ambazo chini ya taa zinaonekana kama ukungu, kwa hiyo zifute kwa kitambaa laini kabla ya kila onyesho. Zibebe kwenye mfuko wenye vitenganishi, kila moja na nyumba yake, maana mikwaruzo inayotokana na pete kusagana begini haifutiki. Zenye uwazi ndani ya chuma ni nyepesi na hazikuchoshi mkono, ila zikianguka hubonyea, na mlio wake ni tofauti na wa zile ambazo chuma chake kimejaa ndani. Usichanganye aina hizo mbili katika seti moja.

Limebaki jambo moja, na hili nalisema kwa uzito. Robert-Houdin, Mfaransa ambaye wengi humwita baba wa mazingaombwe ya kisasa, alikuwa na sanduku dogo ambalo mara lilikuwa jepesi na mara halinyanyuki. Siri yake ilikuwa sumaku ya umeme, naye mwenyewe aliiandika. Mbele ya watu wa Paris lilikuwa sanduku la ajabu linaloweza kuwa zito. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria, ambayo ilikuwa koloni lake, ili awatishe wenyeji na kuvunja heshima ya viongozi wao wa dini. Akalichukua sanduku lile lile, akamwita mwanamume mwenye nguvu, akamwambia kwamba anamnyang'anya nguvu zake zote awe kama mwanamke. Yule mtu alivuta asiweze kulinyanyua, na mwishowe akatiwa shoti ya umeme mbele ya watu wake.

Tunamsoma Robert-Houdin kwa ustadi wake, na ustadi huo upo. Lakini tendo hilo sitalisifu. Sanduku halikubadilika hata kidogo. Maneno na nia ndivyo vilivyobadilika, na mchezo ukageuka kuwa silaha ya kumdhalilisha mtu. Ndiyo maana mtu anaponifuata baada ya onyesho na kuniuliza kwa hofu kama ninazo nguvu fulani, namjibu bila kuzunguka kwamba hapana, ni sanaa, ni mazoezi ya miaka, na namna inavyofanyika nabaki nayo. Hajawahi kuondoka mtu akiwa amevunjika moyo kwa jibu hilo. Nanyi naomba mjibu hivyo, hasa mkiulizwa na mtu mwenye shida aliye tayari kukulipa ili umtatulie.

Sasa sogeeni mezani. Kuna seti tatu pale, za sentimita 10, 20 na 30. Shikeni, zigongeni, msikie tofauti ya mlio. Nataka wawili waende safu ya mwisho kabisa, mmoja kila upande, na fundi wa taa atatupa kwanza taa ya mbele, halafu ya juu. Wale wa nyuma wasiseme "ni nzuri". Waseme wanachokiona: duara kamili, nusu duara, au mikono tu. Anza wewe hapo mwenye shati jeupe.